Chombo Kikiwa Juu ya Nchi Kavu

Nazungumza nanyi wa Kwapa, Malaba, Tororo na Busia zote mbili, ya upande huu wa mpaka wa Uganda na Kenya na ya upande ule. Kama bado uko njiani kutoka shambani, endelea kutembea huku ukinisikiliza. Kama umefika nyumbani, vuta kigoda ukae karibu na redio.

Leo nataka tuzungumze juu ya mashua ya tanga. Simzungumzii mvuvi aliye katikati ya ziwa, tanga limejaa upepo. Namzungumzia fundi aliyelala chini ya mashua iliyopandishwa pwani, imetegemezwa kwa miti, haina tanga wala mlingoti, naye ana nyundo mkononi. Swali langu ni hili: mwenye chombo anafanya nini katika siku ambazo chombo hakisafiri? Na je, anampa fundi siku za kutosha?

Najua kuna atakayeniuliza, Kwapa tuna ziwa gani? Mto wetu Malaba unatupita na kwenda zake Mpologoma, halafu Kyoga. Ziwa kubwa, Victoria, liko kusini kwetu, Majanji kwa upande wa Uganda na Sio Port kwa upande wa Kenya. Ni kweli. Lakini omena na mbuta tunaonunua hapa sokoni wametoka huko, na vijana wa maboma yetu wamo ndani ya mashua hizo. Mashua ikizama Majanji, kilio kinaweza kusikika Kwapa. Ndiyo maana jambo hili ni letu.

Nianzie mbali kidogo, halafu nitarudi nyumbani.

Katika nchi za kaskazini mwa dunia kuna majira ya baridi kali. Maji ya bandari nyingine huganda yakawa barafu. Wenye mashua za tanga huko huzitoa majini mapema, wakaziweka juu ya nchi kavu miezi kadhaa. Unadhani wanakaa bure wakiota moto? Hapana. Hukwangua tumbo la mashua, hulipaka rangi inayozuia majani na konokono wasishike, hushusha mlingoti wakakagua kila waya na kila kamba, na tanga hulipeleka kwa mshonaji. Anayekusudia kuvuka bahari kubwa wakati wa joto huwa ameshaanza safari yake katika baridi ile, mashua ikiwa bado iko juu ya nchi kavu.

Zamani za Warumi, Bahari ya Kati ilikuwa karibu inafungwa kwa safari kuanzia Novemba hadi Machi. Na hapa nina hadithi ambayo wengi wenu mnaijua, ila pengine hamkuisikiliza kwa sikio la baharia. Iko katika Matendo ya Mitume, sura ya 27. Mtume Paulo ni mfungwa anayepelekwa Rumi. Wamo ndani ya merikebu ya Aleksandria iliyobeba nafaka, watu 276. Wamefika kisiwa cha Krete, mahali panapoitwa Bandari Nzuri, na majira yamekwisha kuharibika. Paulo anawaonya: tukiendelea, kuna hasara. Lakini akida anayewaongoza anamsikiliza zaidi nahodha na mwenye merikebu. Wanataka kusogea mbele kidogo tu, hadi Foinike, bandari iliyo bora zaidi kwa kukaa wakati wa baridi. Upepo wa kusi ukavuma polepole, wakadhani mambo yamenyooka, wakang'oa nanga.

Mnajua yaliyofuata. Upepo mkali wa Eurakilo ukawashukia kutoka kisiwani. Wakapitisha kamba chini ya merikebu kuifunga isipasuke. Wakatupa shehena. Siku ya tatu wakatupa hata vyombo vya merikebu. Mwisho ikavunjika kwenye kisiwa cha Melita, ambacho leo ni nchi ya Malta.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo huwa tunaipita haraka. Baada ya miezi mitatu, Paulo na wenzake walipanda merikebu nyingine. Ilitoka wapi? Nayo ilikuwa ya Aleksandria. Bandari ni ileile moja, bahari ni ileile moja, majira ni yaleyale. Ila hii ya pili ilikuwa imetulia kisiwani wakati wote wa baridi, ikasubiri. Ndiyo iliyowafikisha Italia. Ya kwanza ilisukumwa na haraka, na nahodha wake na mwenye mali wakakubaliana kwamba kusubiri palepale ni hasara.

Neno hilo, kwamba kusubiri ni hasara, tutalikuta tena ziwani.

Tuje sasa kwetu Afrika Mashariki. Je, sisi tuna majira ya baridi? Theluji hatuna, isipokuwa kule juu Rwenzori, Kilimanjaro na Mlima Kenya. Lakini watu wa pwani, wa Lamu, Mombasa, Pemba na Unguja, wana kipupwe. Ni ile miezi ya Juni hadi Agosti, baridi inapoingia na upepo wa kusi unapovuma kwa nguvu zake zote. Mwaka wa safari huko umegawanywa na pepo mbili. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, na ndiyo iliyokuwa ikileta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi. Kusi huvuma kuanzia Aprili hivi hadi Septemba, ikayarudisha. Lakini katikati ya kusi, Juni na Julai, bahari huchafuka mno, na nahodha mwenye akili hakuwa akianza safari ndefu wakati huo. Alisubiri upepo upungue, bahari itulie, wakati wanaouita demani. Hapo ndipo aliposhika njia ya kaskazini.

Kwa hiyo kipupwe kilikuwa wakati wa nini? Kilikuwa wakati wa kutengeneza chombo. Hata mwaka wao wa jua, unaoanza kwa Nairuzi, ambao Makunduchi, huko Unguja, huadhimishwa mwezi Julai kwa sherehe ya Mwaka Kogwa, ulikuwa kalenda ya mabaharia na wakulima. Siku zilihesabiwa kwa miongo, kumi kumi, na nahodha alijua ni mwongo upi wa kutoka na upi wa kukaa.

Niwaeleze kazi yenyewe, kwa sababu ina ufundi mwingi, na mimi naupenda ufundi huu kwa moyo wangu wote.

Kwanza ni kukipandisha chombo. Baharini maji hupanda na kushuka, na mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu maji hupanda juu zaidi. Hayo ni maji ya bamvua. Nahodha hukileta chombo pwani kwa bamvua, maji yakiwa juu kabisa. Yanaposhuka, chombo kinabaki mchangani. Kinatiwa magadi pande zote mbili, yaani miti ya kukitegemeza kisilale ubavu. Maji yanayofuata hayatakifikia tena mpaka bamvua nyingine, kama wiki mbili baadaye. Umeona? Mwezi ndio unaompa fundi siku zake. Akichelewa, atangoja bamvua ya tatu.

Halafu tumbo husafishwa. Baharini kuna wadudu wanaotoboa mbao, wanaingia kama tundu la sindano na kula ubao kwa ndani mpaka ukabaki ganda tupu. Kwa hiyo chombo hukwanguliwa, kisha huchomwa kwa moto wa makuti unaopitishwa karibu na mbao kuua kilichomo. Moto na mbao, mtu mzima anacheka nao? Hacheki. Kazi hiyo hupewa mwenye mkono uliozoea.

Kisha ni kalafati. Hii ndiyo kazi ninayotaka muishike akilini. Kati ya ubao na ubao kuna mwanya. Fundi husokota pamba, hulowesha kwa mafuta, halafu huisukumiza ndani ya mwanya ule kwa chembeu na nyundo, kidogo kidogo, kutoka omo hadi tezi, kutoka mbele hadi nyuma. Anaufuata mstari mmoja mpaka uishe ndipo aanze mwingine, kama msusi anavyofuata njia za nywele. Pamba ikiwa chache, maji yanaingia. Ikizidi, mbao zitakapovimba majini zitasukumana na misumari italegea. Fundi mzuri anajua kwa mlio wa nyundo: mwanya ulioshiba una sauti yake. Hata kichwa cha msumari huvishwa nyuzi zenye mafuta kabla ya kupigiliwa.

Baada ya kalafati hupakwa deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa, kwenye sehemu yote itakayokuwa chini ya maji. Juu ya maji, ndani na nje, hupakwa sifa, mafuta ya papa, yenye harufu ambayo aliyewahi kuinusa hawezi kuisahau. Mafuta yale yalikuwa ulinzi wa mbao dhidi ya jua.

Na bado hatujafika kwenye tanga. Chombo hakiendi ila kwa nyenzo, ndivyo wanavyosema wenyewe. Tanga linatandazwa mchangani, linapitiwa mshono kwa mshono. Foromali, mti unaobeba tanga, inakaguliwa kama ina ufa. Henza, kamba inayopandishia tanga, inavutwa yote na kuangaliwa ilipochakaa. Vinapangwa vyombo vya maji ya kunywa, mchele, unga, ng'onda, tende, kuni, na sanduku la mchanga la kupikia. Hesabu ya maji hufanywa kwa kuangalia vichwa vya watu na siku za safari, kisha huongezwa, kwa sababu upepo unaweza kukata.

Kumbukeni basi: chombo kinapandishwa, kinasafishwa, kinatiwa kalafati, kinapakwa, na nyenzo zinakaguliwa. Yote haya kabla ya hatua moja ya safari.

Mnataka ushahidi kwamba kazi hii ina thamani? Mwaka 1840 Seyyid Said, mtawala wa Zanzibar na Oman, alipeleka merikebu yake, Sultana, hadi New York, Marekani. Ilijengwa Bombay, na mjumbe wake alikuwa Ahmad bin Naaman. Iliondoka Zanzibar Februari, kaskazi ikiisukuma kusini kuelekea Rasi ya Tumaini Jema, ikafika New York tarehe 30 Aprili. Ilikuwa imechakaa kwa safari. Na serikali ya Marekani iliipa zawadi gani? Waliichukua kwenye karakana yao ya jeshi la majini, Brooklyn, wakaifanyia matengenezo bila malipo. Miezi ilipita ikiwa mikononi mwa mafundi. Agosti ikaanza kurudi, na Desemba ikawa Zanzibar. Mimi nadhani katika zawadi zote zilizopelekwa huku na huku mwaka ule, hakuna iliyowagusa mabaharia kama mbao mpya chini ya miguu yao.

Na mfano wa juzi juzi, unaofika mpaka ziwa letu. Huko Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake walijenga jahazi kwa plastiki iliyookotwa fukweni na mitaani, na nje wakalivika ndara za rangi rangi. Linaitwa Flipflopi. Liliingia majini Septemba 2018, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar, karibu kilomita 500. Machi 2021 likaonekana Kisumu, likaanza kulizunguka Ziwa Victoria katika nchi zetu tatu, likiwaeleza watu madhara ya takataka za plastiki. Wengi walishangazwa na rangi zake. Mimi nilichokitazama ni kwamba lilikuwa la malighafi mpya lakini limejengwa kwa ufundi wa zamani wa Lamu: mkuku, mataruma yaani mbavu za chombo, mlingoti mmoja na tanga la pembe tatu. Mafundi wa bahari na wavuvi wa ziwa wakawa maji mamoja.

Haya, sasa tumefika nyumbani. Ziwa Victoria.

Ziwa halina kupwa na kujaa kwa maana ya bahari, kwa hiyo bamvua hatuna. Halina wale wadudu wa maji ya chumvi. Je, mashua zetu ziko salama kuliko za Lamu? La. Maji matamu yana ubaya wake. Chumvi huihifadhi mbao. Maji ya mvua huiozesha. Mashua iliyoachwa mwaloni imejaa maji ya mvua inaoza kwa ndani, polepole, pale mbao zinapokutana na mataruma, mahali ambapo jicho halifiki. Na jua letu la mchana linapasua zilizo juu. Kwa hiyo ukiipandisha mashua yako, iinamishe maji yatoke, na uifunike kwa nyasi au turubai.

Lini uipandishe? Hapa ndipo ziwa linapokupa mwezi kama bahari inavyompa fundi wa Lamu. Wavuvi wa omena, samaki anayeitwa mukene Uganda na dagaa Tanzania, huvua kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukikua, taa haifui dafu mbele yake, samaki hawakusanyiki, na mashua nyingi hupumzika siku kadhaa. Hizo ndizo siku za fundi! Tena Juni hadi Agosti upepo wa kusini huvuma kwa nguvu ziwani, na safari za mbali kwenda visiwani zina hatari zaidi. Nazo ni siku za fundi. Kenya nayo imewahi kuweka kipindi cha kufunga uvuvi wa omena, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai, ili samaki wazaane. Miezi kama hiyo ni ya fundi pia. Kipupwe tunacho, ila wengi wetu tunakipoteza.

Tunakipotezaje? Nitasema wazi. Mwenye mashua mara nyingi si yule anayepanda mashua. Anakaa mjini, analeta nyavu na mafuta, na mavuno yanagawanywa. Kila siku ambayo mashua iko juu, yeye anahesabu hasara, na vijana nao wanahesabu njaa. Basi wanaingia ziwani na mashua inayovuja, na mmoja wao, mara nyingi mdogo kuliko wote, anapewa kazi ya kuchota maji kwa jerikeni iliyokatwa. Anachota wakati wa kwenda, anachota wakati wa kuvua, anachota wakati wa kurudi. Tumeizoea picha hii hadi tunadhani ndiyo kazi yenyewe ya uvuvi. Mimi nasema mashua yenye mtu wa kudumu wa kuchota maji ilistahili kuwa juu ya nchi kavu tangu juma lililopita. Siku dhoruba itakapokuja usiku, na ziwa letu ni hodari kwa dhoruba za usiku, yule kijana atashika jerikeni au atashika kasia?

Kwa hiyo, mwenye mashua unayenisikiliza, tia siku za fundi ndani ya hesabu yako kama unavyotia mafuta na nyavu. Watu wako wale siku hizo. Wape posho. Kisha chukua kisu chako uende mwenyewe ukachome mbao karibu na misumari: kisu kikizama bila nguvu, ubao huo umekwisha, usiufunike kwa bati na rangi ukasema umetengeneza. Bati huficha, halizuii kuoza. Toa pamba ya zamani yote, tia mpya. Tandaza tanga, hata kama una injini. Hasa kama una injini, kwa sababu injini ikizima mbali na pwani, tanga na kasia ndivyo vitakavyowarudisha watu nyumbani. Asubuhi upepo wa nchi kavu hukupeleka, alasiri upepo wa ziwa hukurudisha. Mababu waliijua njia hiyo bila tone la petroli. Hesabu jaketi za kuokolea, moja kwa kila mtu. Sikiliza utabiri wa hali ya hewa wa ziwa. Na karatasi zako ziwe ndani ya mfuko usioingia maji: leseni na namba ya mashua. Sisi watu wa Kwapa tunajua mpaka ni nini, na ule wa majini hauna nguzo.

Jambo la mwisho kabla ya safari. Mashua iliyokaa juu imekauka, mbao zimejikunja. Usiipakie siku hiyohiyo. Ishushe tupu kwenye maji mafupi, iache ilale humo usiku kucha ili mbao zivimbe na kuibana pamba. Asubuhi ingia ndani na kipande cha chaki, uchore alama kila panapovuja. Ipandishe tena, fundi arudie hapo penye chaki, kisha jaribu tanga karibu na pwani, watu wanaokuona wakiwa wamesimama ufukoni. Ndipo useme unakwenda visiwa vya Sigulu, Mageta au mbali zaidi.

Baada ya taarifa ya habari simu zitakuwa wazi. Fundi wa Sio Port, wa Majanji, wa Port Victoria, wewe ndiye ninayetaka kukusikia usiku huu kuliko mtu mwingine yeyote. Tuambie, mbao gani unapata siku hizi, kalafati unaitia kwa kitu gani, na mwenye mashua anakuachia siku ngapi za kazi? Namba mnayo.